Nyimbo Tisa za Maji ya Jirani

Fundi Mutabazi aliuzungusha utepe kiunoni mwa Gasana, akausoma, kisha akauzungusha tena kama asiyeyaamini macho yake. Inchi sita zilikuwa zimekwenda. Mwili alioupima na kuushonea kwa miaka minane sasa ulikuwa fito tupu, na suruali ya kijivu aliyoishona kwa mikono yake ilimning'inia mwenyewe kama ya kuazima.

"Punguza tu," Gasana alisema. "Lakini kitambaa usikikate, kikunje kwa ndani. Mke wangu Uwamahoro ameapa kunirudisha nilivyokuwa."

Ilikuwa Aprili ya mwaka 1991, siku ya nne tangu Gasana atoke gerezani. Mutabazi aliandika vipimo bila kuinua uso. Kwa miezi sita alikuwa ameingoja siku hii na kuiogopa, kama mtu anayemngoja mgeni aliyemwekea akiba, naye amekwisha kuila.

Kabla ya vita, kila Jumamosi alasiri, watu wanne watano walikuwa wakikusanyika katika duka lake hili dogo la ushonaji, mtaa wa Biryogo, kusikiliza kanda moja tu. Iliitwa Maji ya Jirani. Zilikuwa nyimbo tisa alizozitunga na kuziimba Mukabaranga, mwanamke aliyekulia ukimbizini, akiwa na gita lake pasipo ala nyingine. Alirekodi katika chumba kimoja mjini Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, mvua ikinyesha, na hakuna aliyejali kungoja ikatike. Katika wimbo wa tatu inasikika ikipiga bati. Katika wimbo wa tano, kabla ya ubeti wa mwisho, kiti chake kinalia.

Wengine walikiona kilio hicho kuwa kasoro. Gasana ndiye aliyewafundisha kukingoja.

"Sikilizeni hapo," alikuwa akisema, kidole juu. "Anajisogeza mbele. Mpaka hapo alikuwa anaimba. Sasa anasema."

Tangu siku hiyo Mutabazi hakuweza kuusikia wimbo ule kwa sikio jingine. Kanda ilikuwa yake, aliinunua kwa dereva wa lori. Lakini Gasana, karani wa bohari la kahawa mwenye mwandiko wa kupendeza, ndiye aliyeandika majina ya nyimbo kwenye karatasi ya kasha.

Oktoba ilipoingia, wakimbizi wenye silaha wakavuka mpaka, vita vikaanza, na sauti yoyote iliyotoka kwa wakimbizi ikageuka kuwa ushahidi wa usaliti. Wanaume watatu wa usalama waliingia dukani mchana wakipekua nyumba kwa nyumba. Mmoja alifungua kinasa sauti, akaitoa kanda.

"Hii ya nani?"

Mutabazi aliuona mwandiko kabla hajaliona jibu. "Ya Gasana," akasema. "Karani wa kahawa. Aliisahau hapa."

Hawakumpiga wala hawakumtishia. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye: kwamba waliuliza mara moja tu. Jioni ile Gasana alichukuliwa, akalazwa pamoja na mamia ya wengine kwenye nyasi za uwanja wa mpira, kisha akapelekwa gerezani.

Katika miezi iliyofuata Mutabazi aliwashonea Gaju na wadogo zake, watoto wa Gasana, sare za shule bila kuombwa. Uwamahoro alizipokea kwa mikono miwili. "Fundi, Mungu akuone," alimwambia, na dua ile ikamchoma kuliko laana. Kuonwa na Mungu ndiko alikokuwa akikukimbia.

Sasa Gasana aliketi kwenye benchi, akajipangusa jasho ingawa hapakuwa na joto.

"Unajua kilichonitoa hai?" aliuliza. "Ni yule mama wa kanda. Tulikuwa tumebanana kiasi cha kulala kwa zamu. Nikaanza kuwaimbia, wimbo wa kwanza hadi wa tisa, kwa mpangilio wake. Sauti yangu unaijua ilivyo mbaya. Lakini kufika Desemba watu ambao hawajawahi kuisikia kanda ile walikuwa wakigombana, wimbo wa nne ni bora au wa nane. Mzee mmoja wa Gatsata alikuwa akinidai mpaka mlio wa kile kiti. Nisipouiga kwa mdomo, ananiambia nirudie."

Alicheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi. Mutabazi alijikuta naye anatabasamu, akajionea aibu kwa tabasamu hilo.

"Kuhusu kanda," Gasana aliendelea kwa sauti ya chini, "usihangaike. Waliponiwekea mezani niliwaambia ni yangu. Sijui waliipata wapi, labda walipekua hapa ukiwa umetoka. Nilifikiri, mwandiko ni wangu, nimeshakwama. Ya nini tukwame wawili? Jina lako halikutoka kinywani mwangu."

Mutabazi aliweka mkasi chini. Miezi yote sita alikuwa amejitetea moyoni kwamba hofu haina mwenyewe, kwamba yeyote angesema alivyosema. Sasa mbele yake alikuwa ameketi mtu aliyeulizwa swali lile lile, mahali pabaya zaidi, akajibu vingine.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemdai neno.

"Sikuwa nimetoka," alisema. "Nilikuwa hapa. Nilipoulizwa, nilisema ni ya Gasana."

Nje, mwanamke aliita bei ya ndizi. Gasana aliitazama mikono yake, akaigeuza viganja juu.

"Walikupiga?"

"Hapana."

"Ungesema walikupiga," Gasana alinong'ona, "ningekuamini."

Alisimama kwa kujishikiza kwenye cherehani. Mlangoni akasita, mgongo wake ukiwa bado umeelekea dukani.

"Mke wangu anakutaja katika sala kila jioni, kwa zile sare. Mimi sitamwambia. Hilo liko kati yenu."

Akaondoka taratibu, akiwajibu waliompokea njiani kwa salamu na pole.

Mutabazi aliishona suruali ile siku hiyo hiyo, mshono kwa mshono, na kitambaa akakikunja ndani kama alivyoagizwa. Alijua kwamba angeweza kumtuma mtu aipeleke. Badala yake alifunga duka jua likiwa bado juu, akashuka kwa miguu hadi nyumbani kwa Gasana.

Uwamahoro alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo. Alipomwona fundi, uso wake ulichangamka. Akajisogeza, akaupangusa mkeka kwa kiganja ili apate pa kukaa.

"Karibu, fundi. Karibu sana. Nilikuwa nakutaja sasa hivi."

Mutabazi alibaki amesimama, suruali ikiwa imekunjwa kifuani pake.

"Usinikaribishe kwanza, Mama Gaju," alisema.