Hatukupigana

Recheli alisomewa habari zake mwenyewe, kutoka ukurasa wa habari mtandaoni, na mdogo wake, Advera, kwa sababu jicho moja lilikuwa limezibwa kabisa na uvimbe na la pili lilitoka machozi muda wote.

"Wanandoa wapigana Goweko, mke alazwa."

"Rudia."

Advera akarudia.

"Tulipigana?" Recheli aliuliza. "Nani kasema tulipigana?"

Wiki iliyopita mumewe, Amon, alimkuta kwenye bani lao la kukaushia tumbaku, akamtandika kwa gogo la kuni mpaka akazimia. Hakupata hata nafasi ya kuinua mkono. Sasa alikuwa ametoka hospitali, yuko kwa Advera, mtaa wa Cheyo mjini.

"Andika hapo kwenye maoni," alimwambia Advera. "Mimi ndiye huyo mke. Hatukupigana. Nilipigwa. Badilisha."

Mwenye ukurasa, Abdulatifu, mwandishi wa habari wa mtaa wa Ng'ambo, alijibu upesi: "Mtendaji wa kijiji kasema ni ugomvi wa wanandoa." Wengine wakadakia. "Dada, usitufundishe Kiswahili." "Kwani ulimfanya nini?" "Huyu si yeye, ni tapeli." Kufika saa sita mchana maoni yalikuwa mia tatu. Advera alipandwa na hasira, akaandika bila kuuliza: "Yuko kwangu Cheyo, nyuma ya mashine ya kusaga. Njoo uone uso wake!"

Alasiri Abdulatifu alikuja. Alipomwona Recheli, hakuketi.

"Pole, dada. Nilimpigia mtendaji peke yake. Sikumtafuta mtu mwingine."

"Basi badilisha."

Alikuwa ameshatoa simu mlango ulipopigwa teke. Amon aliingia na panga.

"Unanianika mtandaoni? Mimi?"

Abdulatifu aliinua mkono kumzuia. Panga likapita kwenye kiganja, vidole viwili vikaning'inia, damu ikaruka ukutani. Advera alipiga yowe. Recheli aliuchukua mchi uliokuwa kwenye kinu, akampiga Amon gotini. Alipoanguka akampiga mkono wenye panga, akasikia mfupa ukivunjika, akampiga tena palepale, na tena, mpaka Advera alipomkamata kiuno na kumvuta nyuma.

Hospitalini Abdulatifu alishonwa, ila kidole kimoja hakikuokolewa. Recheli alikuwa amekaa kando ya kitanda chake, gauni limetapakaa damu ya watu wawili.

"Niandike kwamba amekushambulia tena?" Abdulatifu alimuuliza.

Recheli alitikisa kichwa.

"Goweko nilipigwa. Leo tulipigana. Yeye kaanza, mimi nimemvunja mkono, na alipoangusha panga niliendelea kumpiga. Andika hivyo."

"Polisi watasoma, dada."

"Wasome."

Advera ndiye aliyemwandikia Abdulatifu, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji. Kichwa cha habari ya kwanza nacho kikarekebishwa, na chini yake Abdulatifu akaomba radhi kwa jina lake. Maoni yakaja mengine mamia, wengi wakibishana kama mke anayevunja mkono wa mumewe aitwe mwathirika. Recheli hakutaka kusomewa.

Polisi walimweka ndani siku mbili, kisha wakamwachia kwa dhamana. Amon alipelekwa mahakamani akiwa amefungwa plasta mkononi. Siku hiyo hiyo Recheli alirudi Goweko na mdogo wake kushusha tumbaku iliyosahauliwa kwenye bani. Chini ya kitanda alikuta panga jingine la Amon. Alilitumbukiza chooni, akanawa mikono, akaanza kazi.