Mwezi Usio na Mshahara

Kikao kitukufu cha shirika la macho mjini Dese kilianza kwa kahawa na bisi, na kwa dakika kumi hakuna aliyesema lolote la maana. Tsigereda hakugusa kikombe. Ndani ya mkoba wake, chini ya leso, kulikuwa na daftari la kijani, na alihisi linamtazama.

Swali lilikuwa moja. Orodha ya wanaosubiri kupasuliwa mtoto wa jicho ibaki kwenye kanzidata ndogo aliyoitengeneza Tsigereda mwenyewe, ndani ya kompyuta moja mezani pake? Au shirika lichukue mfumo mkubwa, wenye seva, utakaotumiwa na kliniki zote tatu?

"Watu arobaini wanaandika kwa pamoja," alihubiri Nahusenay, muuzaji wa mfumo huo kutoka Addis Ababa. "Na kila jina linabaki na alama ya aliyeliandika."

"Umeme ukikatika je?" aliuliza Ato Mengesha, mtunza stoo. "Ya Tsigeye ina betri," akaongeza, akimwelekezea Tsigereda kidole.

"Ya Tsigeye ina Tsigeye," alisema Daktari Yewubdar, mkurugenzi. "Akishikwa na mafua, shirika zima linapofuka."

Wakacheka. Tsigereda akacheka pia, kwa kuchelewa kidogo.

Alipoitengeneza ile kanzidata, orodha ya miezi aliichukua kwenye fomu ya mishahara, akaona aibu kidogo kwa uvivu wake, basi. Lakini kwenye fomu ya mishahara miezi ni kumi na miwili. Pagume, ule mwezi wa kumi na tatu wa kalenda ya Kihabeshi wenye siku zake tano, haumo, kwa sababu siku hizo watu hufanya kazi bure wakinung'unika. Basi Pagume ulipofika na wagonjwa wakaja kujiandikisha, kompyuta ikawakataa. Akawaandika kwenye daftari la kijani, akaapa kuwahamisha mwaka mpya ukiingia.

Mwaka mpya uliingia na maua ya njano na kuku wa kutosha. Daftari likaingia kwenye droo. Alilikuta Jumatatu hii, miezi minane baadaye, akitafuta pini. Majina kumi na tisa. La kwanza ni la Emama Zenebech, muuza pilipili, aliyemwambia siku ile: "Jicho moja limeshakwenda, mwanangu. Hili lililobaki linaonaona."

Tangu Jumatatu alilibeba mkobani, bila kumwambia mtu.

"Wanaotaka ile ndogo?" aliita Daktari.

Mikono ikaanza kupanda; ya Ato Mengesha ilipanda yote miwili. Tsigereda alikuwa na swali moja la kumwangusha Nahusenay, maana asubuhi alikuwa ameichungulia orodha ya miezi ya ule mfumo mkubwa. Ila swali lenyewe lilikuwa na makali kwenye mpini pia: lingemkata na yeye.

Akanyoosha mkono. "Nina swali. Ndugu Nahusenay, niandikie mgonjwa aliyefika Pagume tatu."

Nahusenay akabonyeza. Akapanda na orodha, akashuka nayo, akapanda tena. "Unajua, dada'ngu, sisi tulianza na mfumo wa mishahara..."

"Ameula Pagume wetu!" Ato Mengesha alipiga meza hadi bisi zikaruka. "Katoka mji mkuu na mwaka pungufu!"

Daktari hakucheka. "Tsigeye. Yako inaupokea?"

Angeweza kusema ndiyo. Pale mezani hakuna aliyejua kuifungua kompyuta yake isipokuwa yeye. Akatoa daftari.

"Haiupokei. Wako humu, kumi na tisa," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyeitwa. Na hakuna aliyeuliza, kwa sababu nisipouliza mimi, nani atauliza? Kura yangu naipa ile kubwa. Nahusenay akishautia Pagume."

Ato Mengesha alishusha mkono mmoja, kisha wa pili. Daktari aliusoma ukurasa wote, akamsukumia Tsigereda simu, naye akapiga namba ya jina la kwanza.

"Nani?" sauti ilitoka katikati ya kelele za soko.

"Tsigereda wa shirika la macho, Emama."

"Aa, binti wa daftari! Nilijua tu, foleni ni ndefu."

"Foleni haikuwa ndefu, Emama. Hukuwemo. Mimi ndiye niliyekusahau."



"Basi njoo unichukue wewe mwenyewe," alisema Emama Zenebech. "Siku hizi sivuki barabara peke yangu."