Fahali wa Pili na Risasi Mpya

Mwaka ule ukame ulimaliza ng'ombe wa Sangailu, na wachache waliobaki wakawa wanamalizwa na simba. Askari wa wanyamapori walikuwa na risasi za shaba tupu, za zamani, zenye tundu jembamba puani. Zilipita mwilini mwa simba bila kufunguka, naye akaondoka na jeraha na hasira zake. Simba mmoja wa namna hiyo alimrarua Jelle, mchungaji, na kaburi lake lilikuwa bado na udongo mbichi.

Ndipo mtaalamu akaja kutoka Nairobi na sanduku la risasi mpya, za shaba vilevile ila zenye tundu pana. Alitaka kuzilinganisha na zile za zamani kwenye mnyama aliye hai. Magunia ya mchanga hayakumtosha mheshimiwa huyo.

Istahil alitoa fahali wawili waliozeeka. Aliwatoa kwa neno la Gelle tu, askari aliyekuwa mtoto wa kaka yake: kila mmoja angechinjwa kabla roho haijatoka, na nyama igawiwe nyumba zilizopoteza mifugo. Wanawake walikuja na sufuria mapema, wakakaa mbali na bunduki.

Mtaalamu alichora alama ya mkaa begani mwa kila fahali, akamwambia Gelle akae nyuma yake, hatua arubaini kutoka kwa mnyama, kwa usalama.

Fahali wa kwanza alipigwa kwa risasi ya zamani. Alitetemeka, akabaki wima akikohoa povu jekundu. Gelle alimwendea kwa miguu ya kawaida, akasoma bismillahi, akachinja, damu ikaruka. Risasi ilichimbuliwa mchangani upande wa pili, imenyooka vilevile. Mtaalamu akaguna.

Hapo Gelle alipaswa kusogea karibu. Hakusogea. Kwa kuwa wa kwanza alimngoja, alidhani wa pili naye atamngoja, na kosa hilo ni lake, hamsingizii mtu.

Risasi mpya ilipolia, fahali alianguka palepale. Gelle alikimbia kisu mkononi, akagusa jicho kwa kidole. Halikupepesa.

"Kata tu," mtaalamu alisema, akija taratibu. "Wako mbali. Nani atajua?"

Kati ya wale wanawake alikuwepo Hawo, mjane wa Jelle, na watoto wake watano Gelle aliwajua kwa majina. Alisimama na kile kisu muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye.

"Hii imekufa, bwana," alisema. "Sasa ni mzoga. Sisi hapana kula."

"Basi nipishe."

Mtaalamu alipasua bega, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akachomoa shaba iliyotanuka mapande manne. Akaifuta kwenye suruali, akaiweka juu ya mizani ndogo, akacheka peke yake. Kisha akakata mnofu, akauchoma kwa kuni za wanawake wale wale, akala huku mafuta yakimtiririka kidevuni, mbele ya watu wenye njaa. Hata tumbusi husubiri watu waondoke.

Istahil alikuja. "Alikuwa hai?"

"Hapana, eddo. Nilichelewa."

Shangazi yake akamgeukia yule wa kwanza. Fahali mmoja akagawiwa nyumba kumi na mbili, na Hawo akapata kipande cha shingo.

Jioni mtaalamu alifungua daftari lake. "Wewe ndiye utakayezitumia. Ipi nzuri?"

Gelle alitamani kusema ya zamani, ili mtu huyu aondoke na sanduku lake na asionekane tena. Lakini simba walikuwa bado vichakani.

"Mpya," alisema. "Andika mpya. Hizo zote wacha hapa."

Mtaalamu alifurahi, akanyoosha mkono wa kuagana. Ulikuwa unang'aa mafuta ya ule mzoga, na damu imeganda kwenye kucha. Gelle aliushika, kwa sababu sanduku la risasi lilikuwa halijashushwa garini.