Glavu za Lori la Kwanza

Pale kwenye kizuizi cha barabarani, mpimaji wa dawa za kulevya alikoroga kwenye maji unga aliokutwa nao mama mmoja, akadondosha tone kwenye kijikaratasi cha kupimia, akakichomeka kwenye mashine. Mstari ukapanda juu: kokeini.

"Ni vidonge vya mume wangu, mwanangu. Nimevisaga, kumeza hawezi."

"Siku ya kukamatwa kila mtu ana mgonjwa," Sajini alitania, akichomoa pingu.

Mpimaji naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Glavu alizovaa ndizo alizoshikia kokeini ya lori la kwanza walilolipekua. Hakuzibadilisha.

"Afande, ngoja kidogo."

Kwa glavu zilezile akapima maji matupu. Mstari ukapanda vilevile.

"Eh! Hata maji ni teja?" Sajini alisema, lakini pingu akazishusha.

Mpimaji alivaa glavu mpya, akafungua maji mengine, akapima upya ule unga. Kokeini haikuonekana.

"Uchafu ulikuwa wangu, mama. Nisamehe sana."

Mama alikuwa keshachuchumaa, anazoa kwa viganja unga uliomwagika walipompekua, nusu yake mchanga.

"Nimekusikia, baba. Sasa mzee wangu leo atakunywa nini?"

Mpimaji akachuchumaa kando yake, akaanza kuzoa naye.