Chuchu za Upande wa Kulia

Nyumbani kwa Asio, nje kidogo ya Malaba, ng'ombe alikamwa chuchu mbili za kulia, na mbili za kushoto akaachiwa ndama. Ndivyo alivyofanya marehemu mumewe, na ndivyo Asio alivyomfundisha mke wa mwanawe, Nerima, alipoolewa hapo kutoka Bukhayo. Kwa hiyo chuchu za kulia zilipoanza kukauka huku za kushoto zikidondosha maziwa zenyewe, hakuna aliyehitaji mganga wa kupiga ramli. Kilichokauka ni kile tu alichokigusa Nerima. Basi Nerima ana jicho baya.

Lisemwalo lipo, walisema majirani, na kama halipo laja. Asio mwenyewe alianza kumfunika mjukuu wake kitenge kila mara Nerima, mama wa mtoto, alipoingia mlangoni. Hilo lilimuuma Nerima kuliko maneno yote ya kijiji. Kisha mzee Emorut, baba mdogo wa mumewe, akatangaza kwamba ukoo utakaa Jumamosi. Ikionekana ni jicho kweli, Nerima atarudi kwao na mtoto atabaki. Mumewe, Etyang, anayeshughulikia karatasi za malori mpakani, alimshauri anyamaze tu mpaka siku hiyo. Ushauri rahisi, kwa mtu asiyefunikiwa mtoto.

Nerima alikuwa mwalimu wa biolojia, na wiki hiyo somo lilikuwa seli. Aliwaambia wanafunzi kwamba maziwa huundwa ndani ya seli za kiwele, yakafungwa katika vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na vifuko hivyo vikabebwa juu ya mirija myembamba mpaka ukingoni mwa seli, ndipo yakamwagwa nje. Mirija ikivunjika, vifuko hurundikana ndani na hakuna kinachotoka. Akawatajia foleni ya malori isiyosogea, na watoto wa Malaba wakaelewa mara moja.

Msichana mmoja akauliza ni nini kinachoweza kuvunja mirija hiyo. Nerima akajibu alivyofundishwa chuo kikuu: sumu inayoitwa kolchisini, imo hata katika lile ua jekundu lenye kingo za njano linalotambaa kwenye uzio wa nyumba zetu, hasa kwenye mzizi wake. Alipotaja mzizi, chaki ikamsimama ubaoni. Mzizi huo alikuwa ameuona kwenye kinu cha Asio.

Alipofika nyumbani jioni alimkuta Asio zizini. Emorut alikuwa ameagiza Asio akame mwenyewe mpaka Jumamosi, naye alikuwa amesimama pale akitazama. Ndama wa mwaka huu alikuwa mlafi, anavamia hata chuchu zisizo zake, kwa hiyo kila ng'ombe akishakamwa, hata siku alizokama Nerima, Asio alizipaka zile za kulia mzizi uliopondwa, ndama aonje uchungu arudi upande wake. Siku hiyo maziwa yalikuwa hayajai hata kikombe. Emorut alimtazama Asio kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akimtazama Nerima.

Nerima aliliona jicho lile, na kusema kweli alifurahi. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini mjane mzee akiitwa mwenye jicho, hana kwao pa kurudishwa. Akangoja Emorut aondoke.

“Mama, hiyo mzizi ndiyo inafunga maziwa,” alisema. “Hakuna jicho hapa. Si yangu, si yako.”

Alimweleza ya mirija na vifuko, na alipoona haingii, akamweleza ya barabara na malori. Asio alisikiliza bila kutikisa kichwa. Aliuliza jambo moja tu, kama maziwa yatarudi wakiacha kupaka. Nerima alisema yatarudi, ila hakujua kama yatawahi Jumamosi. Wakaziosha chuchu pamoja, na kidogo kilichokamwa siku zile wakakimwaga.

Jumamosi maziwa yalikuwa yameanza kurudi. Emorut alisema hilo linaonyesha kwamba mwenye jicho ameogopa kikao, akamgeukia Nerima, maana mgeni ndiye rahisi kulaumiwa. Asio alikuwa ameketi na mjukuu mapajani, ndani ya kitenge. Angenyamaza tu, yangeishia kwa Nerima.

Alimfunga mtoto mgongoni, akainuka, akatoka, akarudi na kinu. Akakiweka mbele ya miguu ya wazee.

“Jicho haiko,” alisema. “Ndani ya ng'ombe iko barabara ya maziwa. Ni mimi niliikata, na mikono yangu.”

Emorut aliuliza ni nani aliyewahi kuiona barabara hiyo. Asio akamwambia amuulize mwalimu. Kisha akafungua kitenge, akamtoa mtoto, akampa mama yake.