Risala ya Kuli

Darasa lilikuwa stoo ya majembe. Majembe yalihamishwa, harufu ya kutu ikabaki, na wanafunzi walikalia ndoo zilizopinduliwa, magoti yakikaribia videvu. Mbele ya ubao alisimama mtu wa mabega mapana, ameshika kijiti kwa woga kana kwamba kitamvunjikia mkononi. Gereza zima lilimwita Kuli, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya uraiani.

"Ma-ma... a-na-te-ka... ma-ji."

"Mama anateka maji!" darasa likaitikia.

Ndivyo Mwalimu alivyofundisha. Yeye naye alikuwa mfungwa, vitabu hana, kwa hiyo mmoja alisoma na wengine wakaitikia kwa sauti, waelewe wasielewe. Siku moja msomaji alijikwaa akaitukana ndoo, na darasa likalirudia tusi lile neno kwa neno, mpaka askari wa mlangoni akashika mbavu. Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote alikuwa Babu, mzee aliyekula chumvi nyingi, masikio yake mazito. Jina lake lilikuwa limeshapita kwenye msamaha, na alichongoja ni kufunguliwa lango arudi kwa wajukuu zake.

Kuli alikuwa mgumu wa kuelewa. Herufi zilimponyoka, wenzake wakamcheka, naye akarudi kila siku. Wengine walijifunza ili wasome barua za nyumbani. Yeye alijifunza kwa chuki, na chuki ilimshikisha herufi ambazo akili ilizikataa.

Yeye na mdogo wake walikuwa wakibeba magunia kwenye ghala la Tajiri, karibu na stesheni. Siku moja Tajiri aliwaamuru wahamishe mzigo wote mzuri, waache makapi tu. Usiku huohuo ghala likaungua, na mdogo wake alikuwa amelala ndani, juu ya makapi. Bima ikamlipa Tajiri. Kortini Tajiri alilia kwa kitambaa cheupe, akasema Kuli alikuwa na tabia ya kuvuta sigara ghalani. Kuli hakuwahi kuvuta sigara hata siku moja. Akafungwa kwa kifo cha ndugu yake wa tumbo moja, na mama yao hajakanyaga gerezani mpaka leo, kwa sababu aliyaamini maneno ya kortini.

Siku Afande wa elimu alipoingia stoo na kutangaza kwamba mfadhili wa madaftari atakuja kuwa mgeni rasmi, Kuli aliinua kichwa.

"Mfadhili nani, afande?"

"Yule mwenye maghala ya karibu na stesheni. Wewe una sauti, utamsomea risala ya shukrani. Nimekuandikia. Usikoseekosee ukanitia aibu."

"Sitakosea, afande."

Afande alikuwa mgeni pale, kesi ya Kuli hakuijua. Mwalimu aliijua. Alimvuta pembeni wakati wa kufuta ubao.

"Nakuona macho yako. Usithubutu."

"Nithubutu nini, Mwalimu? Mimi nasoma tu."

"Ukimgusa yule, darasa hili litafungwa."

"Mdogo wangu alipoungua, nani alifunga nini?"

Mwalimu akaendelea kufuta ubao uliokwisha kuwa safi.

Kuli akaandika risala yake mwenyewe, kwenye daftari lililotolewa na Tajiri. Alifuta, akachana, akaanza upya. Aliandika sentensi fupifupi, maana ndefu zilimshinda. Alijua atapigwa, atafungiwa peke yake, atanyimwa chakula. Yote hayo alikwisha kuyameza. Alitaka jambo moja tu: yasemwe mbele za watu, yaandikwe gazetini, mama ayasikie.

Siku ya sherehe lilifungwa turubai uwanjani. Tajiri alikaa kwenye kiti cha kitambaa, amenenepa, suti imembana. Kulia kwake Mkuu wa gereza, kushoto mwandishi wa habari na kamera yake. Wanafunzi walipangwa nyuma ya Kuli, juu ya ndoo zao. Kuli alifungua karatasi ya Afande, akaweka yake juu.

"Mheshimiwa mgeni rasmi."

"Mheshimiwa mgeni rasmi!" darasa likaitikia.

Wageni wakacheka kwa furaha. Tajiri akapiga makofi. Kuli aligutuka, kwa sababu hilo hakulifikiria. Alikuwa amejiandaa kuangamia peke yake. Angeweza kunyamaza hapohapo, au kusoma shukrani za Afande, na wenzake wangerudi selo salama. Lakini alimwona Tajiri akimtabasamia, hamtambui hata kidogo, na damu ikamchemka.

"Ghala ulilichoma wewe."

"Ghala ulilichoma wewe!"

"Mdogo wangu alikuwa ndani."

"Mdogo wangu alikuwa ndani!"

Waliokuwa hawaelewi waliitikia kwa mazoea. Walioelewa walizidisha sauti, maana kila mmoja alikuwa na tajiri wake huko nje. Juu ya wote ilisikika sauti ya Babu. Tabasamu la Tajiri lilibaki mdomoni, macho yakahama. Kuli aliona utamu ambao hakuwahi kuuonja tangu azaliwe, na akausoma mstari wa mwisho taratibu, ili usiishe haraka.

"Muuaji ni wewe."

"Muuaji ni wewe!"

Afande alimrukia, karatasi ikachanika. Tajiri aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akashika kipaza sauti.

"Nawapongeza," alisema. "Kusoma wamejua. Kilichobaki ni kuwafundisha adabu."

Wageni wakapiga makofi. Mkuu wa gereza alimnong'oneza mwandishi, na mwandishi akafungua kamera yake, akafuta picha.

Asubuhi darasa zima lilisimamishwa ofisini. Mwalimu hakuwepo, alikuwa ameshapakiwa kwenye gari kupelekwa gereza la mbali. Juu ya meza palikuwa na karatasi iliyopigwa chapa. Kuli aliisoma midomo ikichezacheza. Ilisema kwamba wote waliotia saini hapo chini walikula njama ya kuanzisha ghasia, na kwamba mwenye msamaha, msamaha wake umefutwa.

"Afande," alisema. "Jambo hili ni langu peke yangu. Mzee huyu hajui kilichosemwa. Hata kusikia hasikii vizuri."

"Aliitikia?"

"Aliitikia, lakini..."

"Basi."

"Afande, nakuomba. Amebakiza kutoka tu."

"Kumbe ulijua," Afande alisema, akamsogezea Babu kalamu. "Mzee, andika jina lako hapa! Hapa!"

"Karatasi ya kumaliza darasa?" Babu aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Ya kumaliza darasa."

Kuli alifumbua mdomo. Kirungu cha askari kikamgusa mbavuni, naye akaufumba.

Babu aliinama mezani, ulimi nje kidogo, akaandika. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Herufi zilisimama wima juu ya mstari, hakuna iliyoanguka. Alijinyoosha, macho yakimwaka, akamgeukia Kuli.

"Mwanangu, nimepatia?"

Kuli aliitazama saini ile.

"Umepatia, babu."

Babu akainama tena, akapuliza wino ukauke.