Nani Kamchoma Zabibu Tumbo

Kitendawili: nyumba haina mgeni, kuta zinabomolewa. Zabibu wa Chilangala alikuwa na jibu kabla hajategewa. Jibu lilikuwa wifi yake, Mwanaheri.

Siku ya Idi, Mwanaheri alimletea kisamvu cha karanga, akakitua na kuondoka bila kuonja mbele yake. Na kwetu mwenye chakula huonja kwanza, mlaji apate kula kwa amani. Wiki ya pili Zabibu akaanza kuharisha damu. Zahanati wakampa dawa, damu ikakaidi. Miezi mitatu akawa mtu wa chooni mara kumi kwa siku, kanga zinampwaya, na kila akichuchumaa alilitaja jina lile lile moja.

Hakumwambia mtu. Asubuhi ya kwenda hospitali Masasi alipitia uani kwa wifi yake, akaupaka mchi wake wa kutwangia mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayombabua mbanguaji asiyejipaka majivu. Akapanda gari kifua mbele. Na aungue, ajue kuungua kukoje.

Masasi wakamwingizia mpira wenye kamera. Daktari Gwakisa, kijana wa Mbeya, alimwamkia shikamoo, akamwonyesha utumbo wake mpana kwenye kioo: mwekundu, vidonda vitupu, vimeanzia chini kabisa penye njia ya haja, vinapanda juu taratibu.

"Nani kanitilia sumu?" Zabibu akauliza.

"Hakuna mtu, mama. Ni askari wa mwili wako wenyewe. Kazi yao kupigana na vijidudu, sasa wamegeuka wanaushambulia utumbo. Kwa nini wamegeuka, hatujui sawasawa. Wengine huzaliwa na mwelekeo huo, kisha kitu kikawachokoza. Kwenu yupo aliyeugua hivi?"

Zabibu akamkumbuka shangazi yake, aliyekufa anatoka damu, na jirani aliyefukuzwa kijijini kwa kusingiziwa kifo hicho. Daktari akaendelea kwamba ugonjwa huu hauambukizi, kwamba hutulia ukadhani umepona kisha ukaamka tena, na kwamba dawa asiziache hata akijiona mzima. Zabibu hakusikia vizuri. Alikuwa anatafuta mtu wa kumchukia, hampati.

Aliporudi alimkuta Mwanaheri anamngoja barazani, viganja vimebabuka, malengelenge yamepasuka. Mafuta yale aliyajua kwa harufu, na jirani yake alimwona Zabibu akitoka uani. Zabibu akapiga magoti, akayasema yote, hata ya kisamvu. Mwanaheri akamsikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza kama daktari kamtaja mtu.

"Hakumtaja mtu, wifi."

"Pole. Basi wewe huna wa kumlipiza." Mwanaheri akajiinua kwa viwiko. "Mimi ninaye."

Akaondoka polepole, bila kuaga.